Kabla familia haijafika Bangkok

Familia nyingi zinapojiandaa kwenda Thailand, hukumbuka pasipoti, tiketi na nguo. Suala la lugha huachiwa simu. Siku simu ikizima chaji katikati ya soko la Chatuchak, mtoto naye kabanwa na haja, ndipo mama anapotamani angejua maneno mawili tu: "hong nam", yaani choo. Sentensi nzima ni "hong nam yu thi nai", choo kiko wapi, ila kwa mtoto aliyebanwa hayo mawili yanatosha.

Herufi zisimchanganye msafiri. Hiyo "th" si ya thamani, na "kh" si ya kheri. H ni pumzi tu inayofuata t au k. Ndiyo maana kisiwa cha Phuket hutamkwa Puket.

Ugumu hasa uko kwenye sauti. Mswahili anajua kwamba barabara ya kupita magari na barabara ya "sawasawa" hutofautiana kwa mkazo. Kithai kina toni tano, na karibu kila neno linazitegemea. "Klai" ya sauti iliyonyooka ni mbali. "Klai" inayoanza juu na kushuka ni karibu! Baba anayeuliza kituo cha treni na kujibiwa "klai" anaweza kuwatembeza watoto juani mpaka walie. Afadhali aulize "ki nathi", dakika ngapi, kisha asikilize namba: ha ni tano, sip kumi, sam sip thelathini. Akisikia sam sip, atafute teksi. Ndani ya teksi, "liao sai" ni kata kushoto, "liao khwa" kata kulia, na "trong pai" nenda moja kwa moja.

Adabu nayo ina jinsia. Mwanamume humalizia maneno yake kwa "khrap", mwanamke kwa "kha", bila kujali anaongea na nani. "Sawatdi khrap" ni salamu ya baba, "sawatdi kha" ni ya mama. Mtoto wa kiume aliyefundishwa na mama peke yake atasema "kha", na wauzaji watacheka kwa upendo. Hapo baba ana kazi yake.

Mezani, "mai phet" ni bila pilipili, na "mai ao mu" ni sitaki nguruwe. Lakini mtoto anayedhurika na karanga asitegemee matamshi ya mzazi. "Phae thua lisong" ndiyo maneno yenyewe, na karanga huwekwa kwenye vyakula vingi, pad thai ikiwamo. Mapokezi ya hoteli waombwe kuyaandika kwa Kithai kwenye kadi, mhudumu ayasome mwenyewe kabla chakula hakijapikwa.

Nyuma ya kadi liandikwe jina la hoteli, pia kwa Kithai, pamoja na 1155, namba ya polisi wa watalii. Kila mtoto abaki na yake mfukoni, hata yule anayejidai ameshakariri kila kitu.