Moto ubaki nje, joto liingie ndani

Anayeijua Kuresoi hahitaji kuelezwa maana ya baridi. Eneo hili la Kaunti ya Nakuru, linalopakana na Msitu wa Mau, liko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai ukungu hutanda Keringet na Olenguruone, na upepo hupenya katika nyumba nyingi za mbao na mabati. Ndiyo maana jioni, jiko la makaa likishamaliza kupika, huingizwa chumbani na mlango ukafungwa.

Ushauri unaotolewa kila mwaka ni mmoja: fungueni dirisha. Ushauri huo ni sahihi, lakini haumtoshi mama mwenye mtoto wa miezi miwili. Akilifungua, joto alilolinunua linatoka. Akilifunga, sumu inabaki. Kati ya hatari anayoihisi na hatari asiyoiona, binadamu huikimbia ile anayoihisi. Maoni yangu ni kwamba tupunguze mabishano juu ya dirisha na tuuhamishe moto wenyewe.

Kwanza tumfahamu adui. Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na himoglobini katika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huendelea kupumua, ilhali mwili wake unakosa hewa. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu, na aghalabu hudhaniwa kuwa malaria au chakula kibaya. Iwapo watu kadhaa wa nyumba moja wanaamka wakiumwa na kichwa, kisha wanapata nafuu wakitoka nje, lishukuni jiko.

Makaa yaliyoiva vizuri yana hila zaidi, maana hayatoi moshi wa kumkohoza mtu. Maziwa hayaiondoi sumu hii. Mgonjwa atolewe nje mara moja, apelekwe hospitalini apewe oksijeni. Mwelezeni daktari kwamba kulikuwa na jiko chumbani, kwa sababu kile kifaa kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha kwamba oksijeni ni ya kawaida hali mgonjwa yuko hatarini.

Moshi wa kuni nao huua polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano.

Je, dohani pekee inatosha? Utafiti wa Guatemala uliochapishwa mwaka wa 2011 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa jiko lenye dohani lilipunguza kwa nusu kaboni monoksidi iliyowafikia watoto. Nimonia kali ilipungua, lakini nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Dohani ni hatua nzuri, ila kutoa moto nje ya nyumba ni bora zaidi.

Jambo hili si geni pande hizo. Katika viwanda vya majani chai, kuni huchomwa kwenye tanuri, maji yakachemka, na mvuke ukapita ndani ya mabomba kupasha joto hewa ya kukausha chai. Moshi hutoka kwa dohani bila kuyagusa majani. Ikiwa chai inakingwa na moshi, mtoto anastahili zaidi.

Nyumbani, pipa la chuma la lita 200 ambalo halijawahi kubeba kemikali laweza kufanya kazi hiyo. Lijengewe kwa matofali na udongo, mita kadhaa kutoka ukutani, mbali na mlango na madirisha. Kuni zikae juu ya wavu wa chuma ili hewa ipite chini yake, na dohani isimame upande wa nyuma, ipite urefu wa paa. Kuta za udongo zikilizunguka pipa, joto haliendi bure na kuni chache zitatosha. Tahadhari: pipa lisizibwe kabisa, kwani mvuke usio na pa kutokea hulipasua.

Kuni nazo ni nusu ya kazi. Mti mbichi una maji mengi, na moto hupoteza nguvu kuyakausha kabla ya kutoa joto. Pasua kuni wakati wa kiangazi, zipange juu ya mawe chini ya paa lisilo na kuta, uzipe miezi sita au zaidi. Moto mdogo unaowaka vizuri ni bora kuliko moto mkubwa unaofuka. Plastiki, tairi na mbao zilizotiwa dawa zisichomwe kamwe.

Jerikeni ya lita 20 ya maji ya nyuzi 60 inapopoa hadi nyuzi 20, hutoa chumbani joto linalokaribia la hita ya umeme ya wati 1,000 iliyowaka saa nzima. Ifungwe barabara, ifunikwe kwa gunia, iwekwe mbali na watoto, kwani maji hayo huunguza. Chupa ya mpira ya maji moto ipashe kitanda joto, kisha iondolewe kabla ya kumlaza mtoto mchanga.

Wasomaji wengi wa mjini huwatumia wazazi fedha za makaa msimu wa baridi unapofika. Mwaka huu, kabla ya Juni, mwiteni fundi wa kuchomelea vyuma alijenge pipa hilo. Makaa ya gunia moja yataisha. Pipa litabaki, na wazee watalala salama.