Staa Akizimikiwa na Gari Kitonga, Weka Kwanza Simu Mfukoni

Oya wadau, leo nina neno na sitaji jina la mtu, mnajuana wenyewe.

Shoo za Nyanda za Juu zikianza, stori ni ileile. Staa anatoka Dar na chuma yake ya spoti, imeshushwa chini, mlio mpaka madirisha yanatikisika, anakwenda kupiga shoo Iringa halafu Mbeya, zaidi ya kilomita 800 huko. Anafika Kitonga, gari inazima. Na sisi? Simu juu! "Kaazima huyo", "gari ya kiki", maneno kibao.

Hiyo siyo burudani. Kitonga siyo Masaki. Kona juu ya kona, upande huu jabali, upande ule bonde, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia ndogo huku mengine yanashuka na mzigo. Lori likishuka pale halijui una wafuasi wangapi. Anayesimama kwenye lami kurekodi anatafuta msiba.

Ila mastaa nao wana lao. Injini nyingi za hivi hazifi ghafla kama tunavyoambiwa. Mshale wa temperecha umeanza kupanda tangu Ruaha Mbuyuni, taa nyekundu imewaka, lakini jamaa anaona aibu kupaki pembeni halafu Probox impite. Anakanyaga tu! Gari yenye tabo ukiipandisha mlima kwa fujo inatoa joto jingi. Maji yakipungua, gasketi inaungua, hedi inapinda, injini inanoki. Aibu ya dakika 20 imegeuka bili ya injini nzima.

Sasa ikizima kweli ukiwa kwenye mwendo? Usitoe ufunguo, usukani utajifunga. Usukani utakuwa mzito, shika kwa mikono miwili. Breki bado zipo, ila ukizipampu mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kama jiwe, kwa hiyo kanyaga mara moja, kwa nguvu, ukielekea pembeni. Handibreki juu, hazadi, jiwe kubwa nyuma ya tairi maana uko mlimani. Watu wote washuke wakae mbali na lami, hata kama nje baridi na nywele zimetengenezwa saluni. Triengo iweke mbali, kabla ya kona, siyo hatua mbili kutoka kwenye bampa. Huna? Kata matawi, kila dereva wa njia ile anaelewa maana yake. Na kifuniko cha rejeta usikiguse ikiwa ya moto, maji yake yanaruka usoni.

Ukivuka salama usijisahau, Mbeya nako kuna Mlima Nyoka.

Halafu wewe promota, acha kumpigia simu mtu aliyeko mlimani kila dakika tano, "uko wapi, ukumbi umejaa". Ndiyo maana hasimami hata taa ikiwaka. Shoo ikichelewa watu wa Mbeya watapiga miluzi, watanuna, watakunywa soda, watasubiri.