Samahani, Wewe Hufai

PILIPILI YA SHAMBA
Na Mzee Ubishi

Wiki hii limezunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp lile tangazo la "maoni yako ni pesa". Tangazo linasema ujiunge na tovuti, ujaze madodoso kuhusu sabuni, benki, bando na vinywaji, kisha ulipwe kwa vocha au kwa M-Pesa ukiwa umejilaza kitandani. Sina ugomvi na kujilaza. Wala siwasemi matapeli wanaotaka kwanza uwatumie "ada ya usajili" ndipo ulipwe: anayekudai pesa ili akuulize swali ni mwizi, na wezi wana polisi wao. Nawasema wale halali, wenye ofisi na masharti marefu kuliko mkataba wa bandari, ambao mwisho wa siku hulipa kweli. Hao wana tabia moja inayostahili pilipili. Wanakuuliza umri, mkoa, kipato, idadi ya watoto, jokofu la aina gani na benki ipi, na ukishayajibu yote wanakuandikia kwa adabu kubwa kwamba samahani, hufai kwa utafiti huu. Malipo: sifuri. Huo ni ununuzi wa mali bila kuilipia, na ndio unaozaa karibu kila kasoro nyingine ya biashara hii, pamoja na ile ambayo wenye tovuti wenyewe huililia, kwamba wajibuji ni waongo.

Tuwape haki yao kwanza. Mtafiti anayetaka kujua kwa nini akina mama wa Mbeya wameacha mafuta fulani ya kupikia hana haja na kijana wa Tandika asiyejua hata chupa ya mafuta hukaa kabati gani. Na akishapata akina mama mia mbili wa umri anaoutaka, wa mia mbili na mmoja hana nafasi, hata kama yeye ndiye mpishi kuliko wote. Ndivyo sampuli inavyotengenezwa, na hakuna anayeitaka ipatikane bila mchujo. Ila mchujo nao ni kazi, na anayeifanya ni huyo huyo anayechujwa. Dalali wa vyumba Dar es Salaam, ambaye kwa heshima zote hatumtaji tunapotafuta mifano ya uungwana, ana kanuni inayoeleweka: hela ya kuonyeshwa chumba inalipwa, upange usipange, kwa sababu miguu yake imetembea. Mjibu dodoso amemshinda dalali kwa kukosa kanuni. Dakika zake zimekwenda, bando lake limekwenda, na majibu yake hayakurudishwa, maana tovuti nyingi huyaweka kwenye wasifu wake ili zijue kesho zimletee nini. Kesho yenyewe ikifika anaulizwa umri upya, kana kwamba usiku kazaliwa mara ya pili. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na miongoni mwa misingi yake ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Mtu aliyeambiwa hafai baada ya kutaja kipato chake na maradhi ya mama yake ana haki ya kuuliza: kama sifai, majibu yangu yanawafaa nini?

Hasara hii haionekani kwa sababu hesabu hufanywa upande wa mnunuzi tu. Tuchukulie dodoso la dakika 20 linalolipa shilingi 1,000. Kwenye tangazo hiyo ni shilingi 3,000 kwa saa, na ndiyo takwimu ambayo kijana huenda nayo kwa wenzake. Lakini tuchukulie pia kwamba kabla ya kulipata hilo moja alitupwa nje ya mengine manne, kila moja kwa dakika tano. Zile 20 zimekuwa 40, na saa yake imeshuka hadi shilingi 1,500 bila mtu yeyote kutangaza kupunguza malipo. Bado hajangoja kufikisha kiwango cha chini cha kutoa pesa, ambacho kina tabia ya kukaa mbele yake kidogo kama upinde wa mvua. Mfano huu ni wangu, ila jambo lenyewe limepimwa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchambuzi wa soko la vibarua vya mtandaoni la Amazon, liitwalo Mechanical Turk, ambako madodoso ya vyuo vikuu huchanganyika na kazi nyingine ndogondogo. Waliangalia wafanyakazi 2,676 na kazi milioni 3.8. Nusu yao walikuwa wakipata chini ya dola 2 hivi kwa saa, na asilimia 4 tu ndio waliovuka dola 7.25, kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani. Kilichowashusha kwa sehemu ni muda usiolipwa: kutafuta kazi, kuanza kazi wasiyoweza kuimaliza, na kuimaliza ikakataliwa. Dakika za bure si ajali pembezoni mwa soko hili. Zimo ndani ya bei yake, ila hazitajwi.

Sasa mtazame mtu huyu akiitwa mara ya tano. Ameshajifunza. Akisema hana gari, mlango unafungwa. Akisema anapanga kununua gari ndani ya miezi sita, mlango unafunguka. Akisema hana watoto, samahani. Akisema anao watatu, mmoja anatumia nepi, karibu sana. Hakuna aliyemfundisha uongo. Tovuti imemfundisha, kwa njia ile ile anayofundishiwa mbwa: jibu hili mfupa, jibu hili teke. Matokeo yake yako wazi kwa anayetaka kuyaona. Mwaka 2022 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliwauliza watu wa madodoso ya kujiandikisha kama wana leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Miongoni mwa walio chini ya miaka 30, asilimia 12 walisema wanayo. Taifa lenye manahodha wengi kiasi hicho lingekosa bahari ya kuwatosha. Baadhi yao walikuwa wakibofya "ndiyo" kila mahali, kwa sababu "ndiyo" ndilo jibu linalofungua mlango. Wengine huazima anwani ya mtandao ya Marekani wakiwa mbali nayo, kwa kuwa dodoso la huko hulipa zaidi. Na wakati mwingine uongo unaanzia juu: Aprili 2025, jimboni New Hampshire, waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki watu wanane kwa madai ya kuuza majibu ya uongo ya utafiti yenye thamani ya dola milioni 10 hivi. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, waliokodiwa kujaza madodoso waliitwa "sisimizi", wakaelekezwa jinsi ya kupita maswali ya mchujo na kuficha mahali walipo. Jina hilo, sisimizi, lafaa kubandikwa ukutani kwa yeyote anayedhani sekta hii inawaheshimu wanaojibu.

Utetezi wa kwanza nitakaoletewa naujua: hakuna aliyelazimishwa. Ni hela ya soda, mtu anajaza akiwa kwenye foleni ya daladala, muda ambao hata hivyo angeupoteza kwa kutazama video za watu wanaoanguka. Hili lina ukweli, na sitalizungusha. Kwa mwanafunzi asiye na chanzo kingine, vocha ya shilingi 1,000 ni vocha ya shilingi 1,000. Kwa mtu wa kijijini, simu inayolia kumuuliza ana maoni gani kuhusu bei ya mbolea ni jambo ambalo diwani wake huenda hajamfanyia tangu kampeni. Wapo wanaopenda hata maswali yenyewe: kuulizwa ni namna ya kuheshimiwa, na wengi wetu hatuulizwi kitu. Lakini hoja ya kutolazimishwa inasahau kwamba hiari hutaka kujua bei kabla. Mama ntilie hakulazimishi kula kwake, ila hakwambii baada ya kumkatia vitunguu kwamba leo chakula hakikuhusu. Mchujo ungewekwa mwanzo kabisa, maswali mawili au matatu, ukitangazwa kuwa ni mchujo na hauna malipo, nisingekuwa na neno. Tatizo ni maswali kumi na tano yanayojifanya mlango kumbe ni sebule.

Utetezi wa pili una akili zaidi: mkilipa mchujo mtaleta mafuriko. Watu watafungua akaunti ishirini, watafeli makusudi, watavuna senti za kufeli. Inawezekana. Lakini mafuriko tayari yapo, na waliokuja nayo ni manahodha wa nyambizi. Malipo ya mchujo hayawezi kuleta waongo wengi kuliko walioletwa na kutolipa. Tena wapo waliojaribu njia nyingine wasife. Tovuti ya Prolific, iliyoanzia Oxford mwaka 2014, humtaka mtafiti alipe angalau pauni 6 kwa saa, na watafiti bado wanapanga foleni. Hapa kwetu shirika la Twaweza walipoanzisha utafiti wao wa maoni kwa simu, Sauti za Wananchi, mwaka 2013 hawakusubiri wenye njaa ya vocha wajipange mlangoni. Kaya 2,000 za Tanzania Bara zilichaguliwa kwa bahati nasibu, wahojiwa wakapewa simu na chaja ya sola, ndipo wakaanza kupigiwa. Anayechaguliwa hivyo hana sababu ya kujifanya ana gari, maana nafasi yake haitegemei gari. Na maoni yaliyokusanywa kwa gharama huwa na uzito: mwaka 2018 matokeo ya Sauti za Wananchi yalizua barua ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) iliyohoji kibali chake. Sijapata kusikia dodoso la sabuni likiitiwa barua.

Watasema njia hiyo ni ghali, na ni kweli. Lakini wingi wa bei rahisi una rekodi yake. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, na kwa fahari ya wingi huo likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48, na jarida halikumaliza miaka miwili likafa. Mpima maoni George Gallup alimtabiri mshindi kwa watu wachache mno kuliko hao, kwa sababu alijali ni nani anaulizwa. Leo kampuni ya vinywaji inaweza kununua majibu elfu kumi kwa wiki moja, ikaingiza sokoni ladha mpya kwa ushauri wa wazazi wasio na watoto na madereva wasio na magari, kisha ikashangaa kreti zinarudi ghalani zimejaa.

Aliyebahatika kufika mwisho wa dodoso hukutana na swali la kufungia: kwa kipimo cha moja hadi tano, umeridhika kiasi gani na ushiriki wako? Swali zuri, limeandikwa kwa upole. Wale waliotupwa nje katikati hawalifikii.