Mchezo ni wa Watoto, Faida ni ya Nani?



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, wazee watano wa jumuiya zetu walitungoja mlangoni mwa sakristia wakiwa na karatasi iliyotiwa sahihi nyingi. Karatasi hiyo ilikuwa na madai mawili. La kwanza, paroko asimame mimbarini akilaani kibanda cha gemu kilichofunguliwa kwenye njia iendayo Raskazone, na ikibidi aende kwa serikali ya mtaa kuomba kifungwe. La pili, kijana yeyote wa kwaya atakayeonekana studio akirekodi Bongo Fleva avuliwe joho. Tuliipokea karatasi kwa heshima, maana walioileta wametuzidi umri na wamelijenga kanisa hili kwa mikono yao. Hata hivyo jibu letu ni hapana, kwa la kwanza na kwa la pili. Na kwa kuwa madai yalisomwa hadharani, jibu nalo tunalitoa hadharani.

Sote tunajua moto huu umewashwa na nini. Kijana mmoja wa VIWAWA alikabidhiwa michango ya nauli ya hija, na fedha ile haikufika ofisini. Habari zilienea mitaani kabla ya kengele ya jioni, na kabla ya giza kuingia hukumu ilikwisha kutolewa: ni gemu. Tulikaa na kijana huyo jioni mbili. Haikuwa katika kitubio, na haya tunayoyaandika ameturuhusu tuyaandike bila jina lake. Kijana huyo hajawahi kuweka mguu katika kile kibanda. Fedha ya hija aliipoteza akiwa kitandani, usiku, kwa simu yake mwenyewe, katika mchezo ule wanaouita kindege. Ndege ya katuni inapaa, na kadiri inavyopaa ndivyo dau lako linavyozidishwa; usipochomoa fedha yako kabla haijatoweka, umekwisha. Kila duru ni sekunde chache. Fedha inatoka kwenye akaunti ya simu bila mtu kuiona wala kuigusa. Alipopoteza ya kwanza alitaka kuirudisha kwa ya pili, na ya pili kwa ya tatu, hata nauli za watu zikaisha kabla ya adhana ya alfajiri.

Tulimuuliza nani alimfundisha. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba mkeka wake wa kwanza alionyeshwa nyumbani, na mtu mzima, ambaye ni mwanachama hai wa UWAKA. Sahihi ya mtu huyo imo kwenye karatasi ya wazee.

Basi Jumanne tulikwenda kukiona hicho kibanda kwa macho yetu. Tulipoingia na kola yetu shingoni watoto walinyamaza kana kwamba wamefumaniwa. Tulikuta televisheni mbili, mabenchi, na foleni. Wawili wanacheza mpira wa kwenye skrini, wenzao wanatoa makocha wa bure; mechi ikiisha aliyeshindwa anainuka, mwingine anakaa. Malipo ni kwa mechi. Kelele zipo, na lugha tuliyoisikia kabla hatujaonekana si ya kurudiwa hapa. Lipo pia kosa la kweli: wawili walivaa sare za shule na saa ilikuwa saa nne asubuhi. Hilo tulimwambia mwenye kibanda, naye amekubali kutofungulia wanafunzi saa za masomo. Tutarudi kuangalia, tena bila kumtaarifu.

Lakini milango mitatu kutoka pale lipo duka, na nje ya duka hilo imesimamishwa mashine ya kutumbukiza sarafu, ile ambayo watoto huiita dubwi. Tulimkuta mtoto asiyezidi miaka tisa ameshika sarafu ya mia mbili. Ameitumbukiza, taa zikazunguka, mashine ikaimeza. Akaondoka bila neno, kama mtu aliyezoea. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kushiriki michezo hiyo, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo kwa kazi ya kuisimamia. Karatasi ya wazee haina hata mstari mmoja juu ya dubwi. Mwenye duka ni muumini wetu, na michango yake ya ujenzi ni mizuri. Tunadhani mmetuelewa.

Ndugu zangu, tujifunze kutenganisha mambo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, anauliza kama katika mchezo kunaweza kuwa na fadhila, na anajibu kwamba kunaweza. Anasimulia habari iliyopokewa tangu kale juu ya Mtume Yohane: watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, auvute na kupiga mshale, tena na tena. Kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akasema upinde ungevunjika. Ndivyo, akasema Mtume, roho ya mtu nayo ingevunjika isingelegezwa kamwe. Na kwa wale wanaodhani Tomaso ni wa zamani mno, yupo Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na aliyetangazwa mtakatifu na Papa Leo wa XIV tarehe 7 Septemba 2025. Mtakatifu huyo alikuwa na PlayStation. Alijiwekea saa moja kwa juma, na alipoimaliza aliizima. Tungependa kumwona mzee atakayepanda mimbari kumlaani.

Wametukumbusha pia ujumbe wa Papa Benedikto wa XVI kwa Siku ya Upashanaji Habari ya mwaka 2007. Ni kweli, ndani yake anailaumu vikali michezo ya video inayotukuza ukatili na kudhalilisha tendo la ndoa, nasi tunaipokea lawama hiyo bila kupunguza neno. Ila tusiusome ujumbe kwa jicho moja. Humo humo Baba Mtakatifu anawataja wazazi kuwa wa kwanza wenye wajibu wa kumlea mtoto ajue kuchagua, na anawageukia wenye viwanda vya burudani akiwataka wailinde heshima ya mtoto. Mzazi na mfanyabiashara wanatajwa pale. Karatasi yetu inamtaja mtoto peke yake.

Hapa ndipo penye ugomvi wetu. Mchezo una mwisho: kipenga hupigwa, mtu huinuka akaenda kula. Biashara iliyoingia sasa imetengenezwa isiwe na mwisho. Mchezo wa mtandaoni hupewa mtoto bure mlangoni. Akishaingia anauziwa almasi ndani ya Free Fire, nguo za mwanajeshi wa katuni, na katika michezo ya mpira anauziwa pakiti za wachezaji ambazo hajui zina nani mpaka amelipa. Je, kulipa bila kujua utapata nini, ukitumaini kupata kikubwa, si kamari? Wabelgiji walijiuliza swali hilo, na mwaka 2018 kamisheni yao ya michezo ya kubahatisha ikajibu kwamba masanduku ya namna hiyo yanavunja sheria yao. Kampuni ya EA ikaacha kuwauzia Wabelgiji fedha za mchezo wa FIFA mwanzoni mwa mwaka 2019. Wachina mwaka 2021 walikwenda mbali zaidi, wakawabana walio chini ya miaka 18 kwenye saa moja tu jioni ya Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Hatusemi tuige Wachina. Tunasema serikali zenye nguvu zimekiona kitu ambacho sisi tunakipita njiani kila siku tukienda Misa.

Katekisimu, namba 2413, haisemi kwamba kila bahati nasibu ni dhambi yenyewe kwa yenyewe. Inasema inakuwa haikubaliki inapomnyima mtu kilicho cha lazima kwa mahitaji yake na ya wengine. Nauli ya hija ya wajane wawili na wanafunzi kadhaa ilikuwa ya lazima. Na tusisahau kwamba kijana yule amekulia katika nchi ambayo mwaka 2017 Simba na Yanga, mahasimu wasioelewana hata juu ya rangi, walikubaliana jambo moja: kuvaa kifuani jina la kampuni ileile ya kubeti. (Coastal Union yetu ilitwaa ubingwa mwaka 1988 bila mkeka wa mtu yeyote, lakini hayo tuyaache.) Baba amevaa jezi hiyo sebuleni, kisha anashangaa mtoto amejifunzia wapi.

Tuje kwenye muziki, maana dai la pili nalo limetuumiza. Wanaotaka vijana wafukuzwe kwa sababu ya Bongo Fleva wengi wao walikuwa vijana katika Tanga ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Tumewasikia wenyewe wakisimulia madansi yale, na macho yao hung'aa. Wazazi wao nao waliuita muziki ule wa kihuni. Sisi wa umri wetu tulikuwa seminarini Wagosi wa Kaya, vijana wa Tanga hii hii, walipotoa wimbo wao juu ya wauguzi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walisema wazi namna mgonjwa maskini anavyopokewa hospitalini. Wapo waliochukia. Lakini mahubiri mangapi ya miaka ile yalithubutu kusema jambo hilo?

Nyimbo chafu zipo, na hatuzitetei. Mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na nchi nzima ikajadili maneno na viuno. Mjadala kama huo hatukuusikia juu ya mikataba. Katika muziki ule ule tunaouogopa, tazameni nani anakula na nani anaimba. Bibi Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, sauti ya Black Star ya Tanga, alifariki mwaka 2016. "Macho Yanacheka" bado inapigwa arusini mpaka leo. Santuri za bendi zetu za zamani zilichapishwa Kenya na kuuzwa pwani yote. Miaka ya kaseti, msanii aliuza albamu nzima kwa msambazaji wa Kariakoo kwa malipo ya mara moja, asijue ni kaseti ngapi zilizotoka. Zikaja simu. Nyimbo za Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa Mbunge wa Muheza, na mwenzake AY zilitumiwa kama miito ya simu bila ridhaa yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu iwalipe zaidi ya shilingi bilioni 2, na kampuni ikakata rufaa. Hao walikuwa na majina na mawakili. Kijana wa Chumbageni mwenye wimbo mmoja atakwenda mahakama gani?

Kwa hiyo biashara ni moja yenye milango miwili. Kwa mlango mmoja mtoto anayecheza analipa bila kukoma. Kwa mlango wa pili kijana anayeimba halipwi. Na sisi tunasimama katikati tukimpigia kelele mtoto na kijana.

Tena tusijitoe. Katika ofisi ya parokia kuna kompyuta iliyonunuliwa kwa ajili ya vyeti vya ubatizo. Tumegundua kwamba kwa muda mrefu inanakili albamu za kwaya kwa yeyote anayeleta flashi, na kwamba sisi wenyewe tulipewa flashi ya namna hiyo wakati wa Krismasi, tukashukuru, tukaisikiliza garini mpaka Kwaresima. Kwaya zile zilikodi studio, zililipa usafiri, zilishona sare. Watunzi wetu Wakatoliki, watu wa kipaji kama Bernard Mukasa na wengine wengi, manota yao tunayatoa fotokopi kana kwamba yameota shambani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuandika kwamba wimbo ukiwa na jina la Yesu ni wa kuibwa. Amri ya saba nayo haikuandika hivyo. Kijana wa kwaya aliyekwenda studio kuimba Bongo Fleva alituambia sababu yake kwa sentensi moja: kanisani ameimba miaka sita na hata nauli ya mazoezi hajapewa. Huyo ndiye tulitakiwa tumvue joho.

Tumeamua yafuatayo pamoja na Kamati Tendaji. Kompyuta ya ofisi haitanakili tena muziki, na meza ya vitabu itauza albamu halali, fedha ikienda kwa kwaya zenyewe. Kila kwaya itakuwa na fungu la kununulia manota kwa mtunzi pale anapoyauza. Ukumbi utafunguliwa Jumamosi alasiri kwa ajili ya vijana, na televisheni ya parokia itatumika kwa gemu kwa zamu, chini ya uangalizi wa walezi wawili. Anayeona ni kashfa aje kuwa mlezi wa tatu. Kijana wetu anarudisha nauli za watu kidogo kidogo, na daftari lake analo mhazini. Mwenye duka tumezungumza naye mara moja, faraghani, kama Injili inavyoagiza. Dominika ijayo tutakwenda tena, tukiwa wawili.

Karatasi ya wazee tumeirudisha kwa katekista. Upande wa nyuma ni mweupe, na tumeandika juu yake kichwa kimoja tu, "Dubwi". Anayetaka kutia sahihi ataikuta mezani baada ya Misa zote mbili.

Paroko wenu.