Gita la Mbao za Paleti Si Gita la Shida

Wiki iliyopita niliposti video ya gita langu la kwanza, nililotengeneza kwa mikono yangu miezi mitano kwenye karakana ya fundi mmoja wa vitanda hapa Magongo. Komenti moja ikapata laiki kuliko video yenyewe: "Bro, hayo ni mambo ya shida. Nunua la Mchina uache kujidhalilisha."

Haya basi. Tuongee.

Kwanza niseme ukweli. Gita langu lina kasoro. Uzi wa tatu unazomea ukibonyeza freti ya tano. Uso ulipasuka mara moja, nikauziba kwa gundi na vumbi la msumeno. Ukiliweka kando ya gita la dukani, la dukani linashinda kwa urembo. Hapo sibishani. Nabishana na hilo neno "shida".

Mwaka wa 1862 fundi wa Uhispania, Antonio de Torres, alitengeneza gita ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Alitaka kuonyesha kuwa sauti inabebwa na ubao wa usoni. 1995, Bob Taylor, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya magita ya Taylor kule Marekani, akatengeneza gita kwa paleti iliyotupwa, kuonyesha kuwa mkono wa fundi unashinda bei ya mbao. Watu wakashangilia. Mimi nikifanya hivyo hivyo Changamwe, mahali paleti zimejaa kila yadi, naambiwa ni njaa. Mbona paleti ya Mmarekani ni ubunifu na yangu ni umaskini?

Hata saiprasi tunayomwagia zege kwenye majengo, jamaa yake ndiyo Wahispania wanafanyia gita za flamenko. Sisi tukimaliza kumwaga zege tunaipikia chai.

Na msiniambie Pwani hatuna historia ya haya mambo. Lamu kulikuwa na kibangala, kinachongwa kwenye gogo moja na kuwambwa ngozi. Huyo mchongaji hakuwa anangojea kontena.

Sasa nikwambie kitu ambacho gita la dukani halingenifunza. Mimi ni yule msee wa D ya hesabu. Lakini kupanga freti lazima upige hesabu: urefu wa uzi wangu ni milimita 650, nagawa kwa 17.817, napata kama 36.5. Hapo ndipo freti ya kwanza inakaa. Kinachobaki nagawa tena, na tena, mpaka freti ya 12 inaangukia 325, katikati kabisa. Siku ile nilicheka peke yangu kama mwehu. Miaka minne darasani hakuna aliyenionyesha hesabu inayotoa sauti.

Halafu nyuzi sita za chuma zinavuta karibu kilo 70. Ni mtu mzima mzima ananing'inia kwenye ubao wa milimita tatu. Ndio maana ndani unabandika vijiti vya kuushika. Shingo yangu ya kwanza ilipinda kama ndizi. Fundi akaitazama, akasema, "Mbao bado ina maji, mwanangu. Hii ni Mombasa. Ngoja." Nikangoja wiki sita.

Na ukichukua paleti, angalia muhuri. HT maana yake imetibiwa kwa joto, hiyo chukua. MB ilipigwa gesi ya sumu, hiyo achana nayo.

Kinachoniuma ni hiki. Babangu alifanya kazi yadi ya kontena miaka mingi. Mizigo ilipoanza kupanda treni kwenda bara, kazi ikapungua mpaka ikaisha. Maisha yake yote alifungua masanduku ya watu wengine. Changamwe nzima ni hivyo: kila kitu kinapita hapa, na sisi tunahesabu malori. Ukimcheka kijana anayetengeneza kitu, unamwambia arudi kwenye foleni ile ile iliyomtema babake.

Kama unataka kupiga gita kesho jioni, nunua la Mchina. Si dhambi. Hata mimi nilijifunza kodi za kwanza kwa la kuazima. Lakini usimwambie anayeshika randa kwamba anajidhalilisha, wakati wewe hata msumari haujawahi kupigilia.

Jumamosi naanza la pili. Karakana inafunguliwa saa mbili asubuhi. Mwenye msumeno aje nao, asiye nao aje na mikono. Na wewe wa ile komenti, wallahi nakukaribisha. Kuja na msasa.