Gereji siyo kichekesho: waacheni vijana waunde magari ya umeme



Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za tume na katiba, tuongelee spana. Msishtuke, ukifika chini utakuta ni siasa ile ile.

Kuna jamaa wa Kroatia anaitwa Mate Rimac. Ujanani alikuwa na BMW ya mwaka 1984, anashindana nayo kwenye mbio. Siku moja injini ikanoki. Badala ya kuhangaika na injini nyingine, akaingia gereji, akaing'oa, akaweka mota ya umeme na betri. Mwaka 2009 akafungua kampuni. Mwaka 2021 kampuni yake na Porsche wakaunda Bugatti Rimac, na mkuu wake ni yeye. Naam, Bugatti hiyo hiyo mnayoiona kwenye video za wasanii. Na Kroatia yote ina watu wasiofika milioni 4. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam peke yake.

Sasa swali langu: hivi huyo Rimac angezaliwa Temeke, angefika wapi?

Wenzetu Ulaya na Marekani, kugeuza gari la zamani kuwa la umeme ni kitu cha kawaida. Mtu ana Porsche 914, ana MG, ana Volkswagen Beetle ya babu yake, body nzima lakini injini imechoka. Anatafuta Nissan Leaf iliyopata ajali, anachukua mota, betri, kontrola na chaja. Anachonga bamba la chuma la kuunganisha mota na gia boksi ya zamani. Betri anazigawa, nyingine mbele, nyingine nyuma, ili uzito usielemee upande mmoja. Anaweka kifaa cha kulinda betri zisichajiwe kupita kiasi, na kingine cha kushusha umeme hadi volti 12 kwa ajili ya taa na honi. Hata kwenye harusi ya Prince Harry, Mei 2018, maharusi waliondoka na Jaguar E-Type ya 1968 iliyogeuzwa kuwa ya umeme.

Kuna na wale wa vigari vidogo. Mwaka 1962 kisiwa cha Man kilitoa kigari kinaitwa Peel P50, urefu wake sentimita 137 tu, mtu mmoja na kikapu chake. Mpaka leo wapo watu wanaojenga vya aina hiyo nyumbani, kwa bomba za chuma, magurudumu ya pikipiki na mota ndogo ya umeme.

Utasema hayo mambo ya Wazungu wenye hela. Ngoja basi turudi nyumbani.

Uganda, mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Makerere walitoa Kiira EV, gari la umeme la watu wawili lililoundwa chuoni. Kutoka hapo ikazaliwa Kiira Motors, shirika la serikali lenye kiwanda Jinja, na leo wanaunda mabasi. Kenya, mwaka 2017, ilianza Opibus, gereji ya kung'oa injini za Land Rover na Land Cruiser za safari na kuweka umeme. Leo inaitwa Roam, inaunda pikipiki na mabasi. Na sisi? Machi 2022, Masoud Kipanya, mchora katuni tunayemjua wote, alizindua Dar es Salaam gari dogo la umeme aliloliunda na mafundi wake. Mitandaoni wapo waliompongeza, na wapo waliogeuza picha zile kuwa vichekesho. Eti linafanana na kontena, eti mvua ikinyesha itakuwaje.

Makamanda, waliocheka wengine ni wa kwetu. Nimesoma comment zao. Mtu anayelia kila siku kwamba nchi haina viwanda, siku Mtanzania akitoa gari la kwanza anauliza mbona siyo Prado. Gari la kwanza la mtu yeyote halijawahi kuwa Prado. Opibus walianza kwa kufungua magari ya watu wengine, na huko ndiko walikojifunzia kabla ya kuunda ya kwao. Gereji ya kubadili magari ndiyo shule ya kiwanda. Ukiifunga hiyo shule, usishangae kiwanda hakiji.

Na shule hiyo hapa kwetu imefungwa kwa makaratasi. Kuna kijana mtaani kwetu, jina nalihifadhi. Kwa mwaka mzima alikusanya bomba, mota na betri za lithiamu za sola, akaunda kigari cha magurudumu matatu cha kubebea kreti za soda. Kinabeba, kinapanda mlima, breki zinashika. Siku ya tatu barabarani akasimamishwa: namba iko wapi? Akaenda ofisini kuomba namba. Dirisha la kwanza wakamtuma la pili, la pili wakamwambia alete cheti cha mtengenezaji. Mtengenezaji ndiye yeye! Amesimama pale dirishani na mikono ina grisi. Kigari sasa kimefunikwa turubai, kuku wanalala chini yake.

Huyo kijana haombi ruzuku. Anaomba mtu amkague, amwambie umefaulu au umefeli.

Na hilo siyo jambo gumu. Uingereza, gari ulilojiundia mwenyewe unalipeleka linakaguliwa peke yake: breki, taa, mikanda, usukani. Likipita, linasajiliwa. Agosti 2025 wakalegeza zaidi: gari la zamani likigeuzwa la umeme linaweza kubaki na namba yake ile ile, mwenye gari atoe taarifa tu. Umoja wa Ulaya una daraja maalumu la vigari vyepesi: visizidi kilo 425 bila betri, visizidi kilomita 45 kwa saa. Ufaransa kijana wa miaka 14 anaendesha Citroën Ami ya daraja hilo kwenda shule.

Lakini tusiige kila kitu. Ufaransa hiyo hiyo, mwaka 2020, ilitoa kanuni ya kugeuza magari: gari liwe na zaidi ya miaka 5, kifaa kiidhinishwe kwanza, na kazi ifanywe na karakana yenye kibali. Kampuni zikanufaika, fundi wa nyumbani akabaki nje. Tukileta kanuni ya namna hiyo hapa, tunajua wote nani atapata kibali.

Najua hoja ya usalama itakuja, na ni hoja ya kweli. Betri ya gari kama Leaf ina volti zaidi ya 300, hiyo haimpi mtu nafasi ya kujaribu mara ya pili. Betri ikiungua, moto wake siyo wa kuzima na ndoo. Uzito ukiongezeka, breki za zamani hazitoshi. Kwa hiyo ukaguzi tunautaka sisi kuliko wao. Anayekataa kukagua ndiye anayesababisha vijana waunde gizani na kutembea usiku kumkwepa trafiki.

Na faida ipo wazi. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita na kigari kinakwenda kilomita 12: hiyo ni shilingi 250 kila kilomita. Tuseme uniti 1 ya umeme ni shilingi 360 na kigari cha umeme kinakwenda kilomita 6: shilingi 60. Muulize mama ntilie au muuza soda tofauti hiyo ina maana gani kwa mwezi. Bwawa la Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115 kwa kodi zetu. Hizo megawati zimsaidie na kijana wa Gerezani anayechomelea chesisi.

Tusisahau pia kwamba nchi hii iliwahi kuthubutu. Nyumbu pale Kibaha waliunda lori la Kitanzania miaka ya 1980, wakati wengi wetu hatujazaliwa. Uwezo wa mikono haujawahi kuwa tatizo letu.

Kwa hiyo napendekeza umoja wetu wa vijana ubebe mambo manne kwenye sera. Moja, daraja la vigari vyepesi vya umeme, lenye uzito na mwendo unaojulikana. Mbili, ukaguzi wa gari moja moja kila mkoa, kwa ada ambayo fundi anaweza kulipa. Tatu, VETA wafundishe umeme wa volti kubwa, siyo injini ya dizeli peke yake. Nne, mota, kontrola na betri za kujengea zisitozwe kodi kama vile ni anasa.

Tusisubiri tuingie madarakani ndiyo tuanze. Kila tawi litafute mafundi wa namna hii kwenye kata yake, liandike wanaunda nini na wamekwama dirisha gani. Tuweke hapa kwenye comments bila majina yao, tukusanye, tumpelekee mbunge yeyote atakayekubali kuuliza bungeni, hata kama siyo wa kwetu. Mimi naanza na yule wa kreti za soda. Nani anafuata?