TAHARIRI: Kuacha Sigara Kusiwe Anasa ya Matajiri



Swali moja limetufikia mara nyingi siku hizi, kutoka kwa wenzetu wa Kibera na vilevile wa Kawangware. Swali lenyewe ni hili: mtu anayetaka kuacha sigara, je, yafaa ahamie kwenye sigara ya umeme, ile ambayo vijana huiita vepu? Wengine wasema ni dawa. Wengine wasema ni sumu mpya iliyovishwa nguo ya rangi. Chama hakiwezi kunyamaza juu ya jambo hili, kwa maana mali ya mfanya kazi ni mwili wake, na mwili ukiharibika hakuna mwajiri atakayempa mwingine. Basi leo twataka kulieleza jambo hili wazi, kisha tuseme Chama kinadai nini.

Kwanza, hatukuja kumlaumu mvutaji. Twajua vizuri jinsi sigara inavyomwingia mfanya kazi. Askari wa usiku anayelinda lango huko Lavington huvuta ili asisinzie na ili asahau baridi. Mtu wa mjengo huvuta saa saba mchana kwa sababu sigara moja ni rahisi kuliko sahani ya githeri, nayo humdanganya njaa mpaka jioni. Kijana wa Laini Saba afuataye reli kwa miguu alfajiri kwenda Industrial Area huvuta pamoja na wenzake langoni, huku akingoja kuona kama leo ataitwa ndani au atarudi nyumbani mikono mitupu. Kila mmoja wao alianza kwa sababu yake. Lakini sababu huisha na sigara haiishi. Hiyo ndiyo kazi ya nikotini iliyomo ndani ya tumbaku: humfunga mtu, naye akikosa sigara hukasirika, hutetemeka, wala hawezi kutuliza mawazo yake kazini.

Sasa tupige hesabu kidogo, kama tufanyavyo tunapozungumza habari za mishahara. Tuseme sigara moja ni shilingi 15, na mtu avuta sita kwa siku. Hizo ni shilingi 90 kila siku, shilingi 2,700 kila mwezi, na shilingi 32,400 kwa mwaka. Ndugu, hiyo ni kodi ya nyumba na karo ya mtoto. Tukipata nyongeza ya mshahara kwa taabu na migomo, kisha tukaichoma moto kibandani, tumemfanyia kazi nani? Tena angalieni ujanja ulio katika biashara hii. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 yasema kwamba sigara ziuzwe ndani ya pakiti isiyopungua sigara 10. Lakini katika vibanda vyetu pakiti hufunguliwa na sigara zikauzwa moja moja, hata kwa watoto. Umaskini wetu umegeuzwa kuwa njia ya kutuuzia.

Pili, yafaa tujue ni kitu gani hasa kinachomwua mvutaji. Nikotini ndiyo imfungayo, lakini moshi ndio unaomwua. Tumbaku ikiungua hutoa maelfu ya kemikali, na katika hizo zipatazo 70 zajulikana kuleta saratani. Moshi huo una lami inayoganda mapafuni, na pia una ile hewa ya sumu itokayo katika jiko la makaa lililoachwa ndani ya chumba kilichofungwa. Mtu avutaye ndani ya chumba kimoja cha mabati, na mke na watoto wamo, huwavutisha na wao. Na sisi tukaao kwa kubanana twajua habari za kifua kikuu. Uvutaji humzidishia mtu hatari ya kukipata.

Lakini iko habari njema. Huko Uingereza, Daktari Richard Doll na wenzake waliwafuata maelfu ya madaktari wanaume tangu mwaka 1951, wakitazama nani avuta, nani ameacha, na kila mmoja amefishwa na nini. Matokeo ya miaka 50 yalitolewa mwaka 2004. Waligundua kwamba aliyeacha akiwa na umri wa miaka 30 aliokoa karibu miaka 10 ya maisha yake. Aliyeacha akiwa na miaka 40 aliokoa kama miaka 9. Wa miaka 50, kama 6. Na hata wa miaka 60 aliokoa kama miaka 3. Basi asiseme mzee yeyote miongoni mwetu kwamba amekwisha kuchelewa.

Tatu, twaingia katika sigara ya umeme yenyewe. Ile iliyoenea siku hizi ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji. Haichomi tumbaku. Ndani yake mna betri na waya mdogo unaopata moto, na maji maji yaliyotiwa nikotini na ladha. Maji hayo yakipata joto hugeuka mvuke, na mtu huvuta mvuke huo. Kwa kuwa hakuna kitu kinachoungua, hakuna lami wala ile hewa ya sumu kama ya moshi wa sigara. Kwa hiyo, kwa mtu ambaye tayari ni mvutaji, kuhamia kabisa kwenye vepu hupunguza sumu aingizayo mwilini. Lakini kupunguza si kumaliza. Mvuke huo si hewa safi, na nikotini bado imo.

Je, yamsaidia mtu kuacha? Mwaka 2019 madaktari wa Uingereza walitoa habari ya jaribio lao juu ya wavutaji 886 waliokuwa wakitaka kuacha. Nusu walipewa sigara za umeme, na nusu walipewa dawa za kawaida za nikotini, kama vile ubani wa kutafuna na plasta za kubandika ngozini. Wote walipata washauri wa kuwasaidia. Baada ya mwaka mmoja, katika kila watu 100 wa vepu, 18 walikuwa wameacha sigara. Na katika kila 100 wa dawa za kawaida, walioacha walikuwa kama 10. Uchunguzi mwingine mkubwa uliokusanya majaribio mengi ulifikia neno hilohilo mwaka 2022. Basi wale wasemao kwamba vepu haimsaidii mtu yeyote hawasemi kweli.

Hata hivyo tazameni upande wa pili wa habari hiyo. Katika wale wa vepu walioacha sigara, 80 katika kila 100 walikuwa bado wanavuta vepu mwaka ulipokwisha. Walitoka katika nyumba inayoungua wakaingia katika nyumba nyingine ya kupanga. Na msisahau kwamba hata kwa msaada huo wote, wengi katika makundi yote mawili walikuwa bado hawajaacha. Kuacha sigara ni kazi ngumu, na mtu akishindwa mara ya kwanza si mpumbavu, ajaribu tena. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwezi wa Desemba 2023, lilizitaka serikali zichukue hatua kali juu ya sigara za umeme, kwa sababu zinawanasa watoto na vijana ambao hawakuwa wavutaji kamwe. Maneno haya mawili hayapingani. Gongo humfaa mtu aliyevunjika mguu. Kumpa gongo mtoto mwenye miguu mizima ni kumfundisha kuchechemea.

Nne, tuseme juu ya hatari ambazo mwanachama hana budi kuzijua. Ya kwanza ni kuvuta vyote viwili: vepu akiwa kazini, sigara akiwa na wenzake jioni. Huyo hajaacha. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sigara moja tu kwa siku huleta karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyo nayo mtu avutaye sigara 20. Kupunguza peke yake hakutoshi. Sharti mtu aache kabisa. Hatari ya pili ni maji yasiyojulikana. Huko Marekani, mwaka 2019 hadi mwanzo wa 2020, watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitali au kufa kwa ugonjwa wa mapafu, na waliokufa walikuwa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta maji yaliyotiwa dawa ya bangi na mafuta yasiyofaa, yaliyonunuliwa kwa njia za panya. Basi chupa isiyo na jina wala maandishi, iuzwayo kwa kificho, usiivute hata kidogo. Hatari ya tatu ni ya nyumbani: maji ya nikotini yakinywewa na mtoto mdogo yaweza kumwua. Yawekwe mbali naye.

Tena tusisahau mwenye kuuza ni nani. Kampuni kubwa za sigara duniani leo zauza vepu na vifuko vya nikotini pia. Hapa Kenya vifuko vya nikotini viliingia sokoni mwaka 2019 vikiwa vimesajiliwa kwa njia ya sheria ya dawa, na mwaka 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Bwana Mutahi Kagwe, akaagiza usajili huo uondolewe. Vikarudi baadaye kwa jina jingine. Anayetuuzia ugonjwa na tena akatuuzia gongo, si ndugu yetu. Ni mfanyi biashara.

Tano, na hapa ndipo penye uchungu. Hayo yote tuliyoyasema yamfaa nani? Vepu moja, mara nyingi, bei yake ni zaidi ya ujira wa siku nzima wa mtu wa mjengo. Yataka umeme wa kuichaji, na katika vijiji vya Kibera umeme huja na kupotea. Zile za kutupwa zikiisha zatupwa mtaroni na betri yake. Mtu wa Lavington akitaka kuacha sigara, yuko daktari wake, liko duka la dawa, na pesa anazo. Mtu wa Kawangware, ambaye huvuka barabara tu kwenda kumlindia lango lake, aambiwa, "Jikaze." Huko Uingereza, mwaka 2023, serikali yenyewe ilitangaza kuwapa wavutaji milioni moja sigara za umeme bure pamoja na washauri. Shirika la Afya Duniani liliingiza ubani na plasta za nikotini katika orodha ya dawa za lazima tangu mwaka 2009. Dawa zinazoitwa za lazima mbona zisipatikane kwa mtu wa Gatwekera?

Wala hatuombi sadaka. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku, na moja ya kazi zake ni kuwasaidia watu kuacha. Kanuni za mwaka 2014 ziliamuru wenye kutengeneza na kuingiza tumbaku wachangie katika mfuko huo asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao. Kampuni ya sigara ilizipinga kanuni hizo mahakamani, na mwezi wa Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikaikatalia. Basi haki iko katika maandishi. Iliyobaki ni kuidai.

Kwa hiyo Chama kinadai hivi:

1. Fedha za mfuko huo zifike katika zahanati za Kibera na Kawangware, zilete mshauri na dawa za nikotini bila malipo, na hesabu yake itangazwe kwa watu wote.

2. Waajiri wakubali kuandika katika mkataba wa pamoja kwamba mfanya kazi anayetaka kuacha sigara atapewa nafasi ya kwenda zahanati bila kukatwa mshahara. Askari wa usiku wapewe chai ya moto na zamu za haki, ili sigara isiwe ndiyo blanketi yao. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka pawe na kamati ya usalama. Wajumbe wetu wapeleke jambo hili huko.

3. Wabunge na maseneta wakumbuke kwamba mswada wa kurekebisha sheria ya tumbaku, ulioletwa Seneti mwaka 2024, wahusu sigara za umeme na vifuko. Sheria yo yote juu ya vitu hivi iwazuie watoto kabisa, lakini isimfungie mlango mvutaji mtu mzima anayetafuta njia ya kutoka.

Na wewe, ndugu mwanachama, Chama chakuomba hivi. Kama huvuti, usianze na vepu. Haina faida yo yote kwako. Kama wavuta, chagua siku ya kuacha, uwaambie jamaa zako na wenzako wa kazini. Jaribu kwanza ubani au plasta ukivipata. Kama umechagua vepu, acha sigara kabisa siku hiyohiyo, kisha uipunguze nikotini kidogo kidogo mpaka uiweke chini na yenyewe. Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye, simu ya NACADA ni 1192, wala haina malipo. Na mwenzako akiacha, usimcheke wala usimpe "moja tu."

Hakuna mtu aliyeshinda mgomo peke yake. Hili nalo halishindwi na mtu mmoja gizani mwa chumba chake. Tulishinde pamoja.

UMOJA NI NGUVU.